Shanga za Chupa za Ulevi

Mimi nina hasira, na sijawahi kuzificha. Tangu niko msichana hapa Gazi naambiwa hasira hasara, na mume wangu huniambia hivyo karibu kila siku. Basi nami niseme wazi: kutengeneza shanga za kioo nilifundishwa na hasira hizo hizo.

Binti yangu wa pekee alikuwa amechumbiwa Msambweni. Nikaenda madukani Kona ya Musa nikanunua shanga za kiunoni, nyuzi saba, muuzaji akiniapia kwamba ni kioo kitupu. Somo wake, yule mama anayemfunda mwari mambo ya unyumba, akazitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Maji yakawa mekundu. Akaziopoa, akazitikisa sikioni.

"Dada yangu, hizi plastiki. Hazilii. Shanga isiyolia ni ya nini?"

Wanawake waliokuwapo wakaangua kicheko. Uso uliniwaka. Wallahi, nikasema mbele yao, mwanangu hatavaa takataka, shanga zake nitazitengeneza mimi mwenyewe! Wakacheka zaidi.

Sikujua hata pa kuanzia. Nikatafuta video kwenye simu, nikampata mama mmoja wa Afrika Magharibi aliyekuwa akitengeneza shanga kwa chupa kuukuu. Lugha yake sikuielewa hata neno, lakini mikono yake niliielewa. Nikaenda Diani nyuma ya mahoteli, nikaokota chupa za bia za kijani hata gunia likajaa. Nikazitwanga kwenye kinu kibovu, leso nimejifunga puani, nikachekecha unga wake. Nikafinyanga kibao cha udongo chenye vishimo, kila kishimo nikakisimamishia kijiti cha jani la muhogo, nikakijaza ule unga. Kioo kikiyeyuka, kijiti huungua na kuacha tundu la kupitishia uzi. Tanuri nikalijenga uani, nikalichochea kwa vifuu vya nazi.

Mara ya kwanza shanga zilishikamana na kibao, kwa kuwa sikukipaka chokaa. Mara ya pili ziliiva vizuri, nami kwa pupa yangu nikafungua tanuri zingali moto. Ta, ta, ta! Zikapasuka moja moja mbele ya macho yangu. Nikalipiga tanuri teke, likaniunguza mguu.

"Nilikwambia nini?" akasema mume wangu.

Nikachukua ufagio nikazoa vipande. Kioo hakitaki haraka, lazima kipoe humo humo tanurini mpaka kesho yake. Nikajifunza kungoja, na hasira zangu nikazimalizia kwenye chupa nyingine.

Mwezi mmoja kabla ya harusi nilikuwa na nyuzi sita za kijani, na ukizitikisa zinalia. Hapo ndipo mama wa bwana harusi alipompa somo maneno aniletee: mkamwana wake hataingia nyumbani mwake na shanga za chupa za ulevi. Ni haramu. Avae za plastiki, au aje kiuno kitupu.

Ebo! Sikungoja hata kubadilisha kandambili. Nikafika kwake Msambweni, tukaamkiana vizuri, maana adabu ninayo. Akanikaribisha, akaleta chai ya tangawizi na asali pembeni. Nikaitazama ile asali. Imo ndani ya chupa ya wiski, karatasi yake nusu bado imebandikwa.

"Mkwe wangu, asali hii ni halali?"

"Halali tupu. Inatoka Shimba Hills."

"Na chupa?"

Akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Chupa nimeiosha."

"Yako imeoshwa kwa maji. Zangu zimepita motoni. Sasa niambie, ipi iliyotakata zaidi?"

Akaisogeza chupa upande wake. Nikanywa chai yangu yote, bila asali, nikaondoka nisijue mwanangu atavaa nini.

Wiki moja baadaye somo akaniletea furushi kutoka Msambweni. Ndani mlikuwa na ile chupa, tupu, imesuguliwa, karatasi imebanduliwa. Salamu hakuna, samahani hakuna. Nikaitwanga kwa nguvu zangu zote, kila pigo nikisema yale niliyoyameza siku ile kwa adabu. Kisha nikafunga tanuri, nikangoja mpaka likapoa kabisa. Uzi wa saba ukatoka mweupe, safi, mzuri kuliko zote sita nilizotangulia kuzitengeneza, na hilo nalo likaniudhi.

Siku ya harusi mwanangu alipita katikati yetu amefunikwa buibui hadi miguuni. Hakuna kilichoonekana, lakini shanga zililia. Somo akapiga kigelegele. Mama wa bwana harusi alikuwa amesimama ubavuni pangu. Akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mkamwana wake akapita, kisha akanishika mkono bila kunitazama.

Samahani yake naingoja hadi leo. Lakini mkono wangu sikuuondoa.