Kivuli cha Saa Sita na Nusu

Kosa langu la kwanza nililifanya kwenye filamu yangu ya kwanza: nilionyesha meno ya mnyonya damu kabla dakika moja haijaisha. Niliyachonga kwa mshumaa, nikamvika rafiki yangu shuka jeusi, nikampaka juisi ya rosela mdomoni, nikamrekodi gizani akiunguruma. Watu niliowaonyesha sebuleni kwa dada yangu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nikaifuta filamu siku hiyohiyo, na kwa wiki mbili sikuweza kumtazama mtu usoni. Ndivyo nilivyo. Nikikosea kitu kidogo, nakirudia kichwani mpaka kinakuwa kikubwa kuliko mimi.

Nina miaka ishirini na saba tu, na filamu sikuisomea popote, lakini naomba mnivumilie nikisema enzi zetu. Mliokua nami Shelui mtanielewa.

Enzi zetu filamu ilikuwa Jumapili mchana, baada ya kanisa na kabla ya kuchota maji, kwenye kibanda cha video cha Mjomba Elia, kaka yake mama. Madirisha yalizibwa kwa magunia na blanketi ili tupate giza. Tulikalia mbao na ndoo zilizopinduliwa, tukitafuna karanga, huku bati likilia tak, tak kwa joto. Nje malori yaliegeshwa na breki zake zikatoa pumzi, pshhh. Pumzi hiyo ikitoka wakati mlango wa jumba la mnyonya damu unafunguka, tuliishia mapajani kwa wenzetu.

Mjomba ndiye aliyetafsiri. Kiingereza alikijua nusu, nusu nyingine aliijaza mwenyewe. Alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi: "Huyu bwana hajala siku tatu. Mwangalieni alivyokosa adabu, salamu hakuna, moja kwa moja shingoni." Aliongea mwanzo mpaka mwisho, hata majina ya waigizaji yanapopanda mwishoni alituambia nani ni shemeji wa nani.

Ila kulikuwa na sehemu aliponyamaza. Muziki unakatika. Kamera inasogea polepole kwenye korido. Mlango uko wazi kidogo, ndani haonekani mtu. Mjomba naye kimya. Kuna siku mmoja wetu hakuvumilia, akauliza, "Mjomba, kuna nini humo?"

"Mimi nitajuaje," akasema. "Sijaingia."

Miaka mingi baadaye, nikirudia filamu za namna hiyo peke yangu na daftari, ndipo nilipoelewa tulichofanyiwa. Meno yalikuja mwishoni kabisa, na yalipokuja tulikuwa tumeshachoka kuogopa. Kilichotumaliza ni kivuli kufika ukutani kabla ya mwenyewe, shingo ya binti kujaza kioo kizima wakati yeye anasuka nywele bila habari, na kamera kukataa kugeuka nyuma yake.

Kwenye filamu moja, kwa tafsiri ya Mjomba, mnyonya damu hakuwa na kivuli. Sijui kama hilo lilikuwa ndani ya filamu au lilitoka kwake. Sisi tulilishika kama sheria, tukawakagua madereva wote waliosimama kula. Kisha mwezi wa kumi, tukiwa darasa la tatu, akaja mwalimu mgeni wa hisabati. Alisimama katikati ya uwanja saa sita na nusu, jua liko utosini. Sara, jirani yangu wa dawati, akanivuta shati.

"Mwangalie chini."

Chini palikuwa na viatu na vumbi tu. Darasa zima lilikimbia mpaka barabara kuu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kujiangalia mwenyewe.

Mama alisema, "Wewe na wanyonya damu wako leo mtakula ugali nje." Na kweli nilikula nje, huku nikiangalia kivuli changu kinavyorefuka, nikashukuru.

Siku hizi mpwa wangu anaangalia filamu kwenye simu. Korido ikifika anasogeza mbele kwa kidole. "Anko, hapa hakuna kitu." Namwambia hapo ndipo kila kitu kilipo, lakini anakuwa ameshafika mwisho na anasema haitishi.

Baada ya aibu ya sebuleni niliamua kurudia, na safari hii nitengeneze hofu ninayoijua. Nilirudi Shelui, nikasubiri mwezi wa kumi. Nilimrekodi dada akipepeta mtama asubuhi, kivuli chake kirefu. Aliyeigiza mgeni wake nilimrekodi saa sita na nusu, kamera chini, usawa wa visigino. Jua lilinipa dakika chache tu kwa siku, kwa hiyo nilirudia siku nne. Vipande hivyo nikaviunganisha kama vya wakati mmoja. Nilikata na kukata tena mpaka dada akaninyang'anya chaja.

Kisha nikaipeleka kwa Mjomba Elia. Kibanda sasa kinahifadhi magunia ya alizeti, lakini yeye bado anatafsiri, hata taarifa ya habari iliyo kwa Kiswahili. Nilikuwa nimejiahidi: akiongea mpaka mwisho, nauza kamera, narudi kwenye kazi yangu ya zamani, duka la vipuri.

Tulikaa humo juu ya magunia, nikaiwasha filamu. "Huyu mama anapepeta mtama," akaanza. "Mtama wenyewe una mchanga." Mgeni akatokea. "Haya, mgeni anabisha hodi. Viatu visafi hivi, huyu hakupita barabara yetu."

Kamera ikaanza kushuka. Sauti ya ungo ikakoma. Mjomba akafungua mdomo, akaufunga. Juu yetu bati likalia tak, naye akalitazama haraka. Filamu ikaisha, akabaki anakodolea kioo cheusi.

"Kivuli chake kiko wapi?" akauliza.

"Mimi nitajuaje, Mjomba."

Zamani tuliogopa pamoja, goti kwa goti, na kulikuwa na mtu wa kumrukia. Sasa kila mmoja ana kioo chake na kidole cha kukimbilia. Kibanda siwezi kukirudisha. Kamera bado ninayo, meno siyaonyeshi tena, na tangu siku ile sijafuta filamu yangu hata moja.