Tuni ya babake Mama Neema

Leo nimenyamazishwa na Mama Neema, na sina hata nguvu ya kubisha.

Nimetoka shifti moja kwa moja hadi mazoezi ya kwaya yetu hapa Barking, ughaibuni.
Tunatoa CD, na jalada linasema tuni ya wimbo wa tatu ilitungwa na marehemu babake Mama Neema, mwinjilisti wa kijijini.

Nikawaambia polepole kwamba nimeikuta maktaba, kwenye kitabu cha nyimbo cha Marekani kilichochapishwa kabla mzee hajazaliwa.
Jina la mtunzi hakuna. Imeandikwa tu kwamba hajulikani.



Mama Neema akaniangalia.
“Kama mwenyewe hajulikani, baba yangu amekalia kiti cha nani?”

Jalada linachapishwa kesho, na kalamu wameniachia mimi.
Nyinyi mngeandika nini?