Tafsiri ya Bhumika

Flavia wa Isevya hamwamini mtu. Anauza asali, na kazi hiyo imemfundisha ubaya wa binadamu: kila dumu litokalo Kigwa analionja mara mbili, maana wapo wanaochanganya na sukari halafu wanakuapia kwa Mungu. Hata padri akimsalimu kwa bashasha mno, yeye hujiuliza anatafuta nini.

Alimwamini mtu mmoja tu, Bhumika wa duka la vitambaa. Enzi za ujana wao, kanda za tamthilia za televisheni ya India zilikuja kwa treni kutoka Dar, na wanawake wa mtaa walijaa sebuleni kwa Bhumika kutazama. Kihindi hawakukijua. Bhumika alitafsiri, nao wakalia.

Mwaka mmoja Gerson, mume wa Flavia, alikuwa amemkimbia, anaishi na mwanamke mwingine Kitete. Kwenye tamthilia nako mume alimkimbia mkewe, kisha akarudi, akasimama mlangoni. Mke akatamka maneno machache, hadithi ikaishia kwenye uso wake.

"Anasema ingia, nimekusamehe," Bhumika alitafsiri.

Wiki ile ile Gerson akabisha hodi. Flavia akamfungulia, akisema moyoni, kama yule ameweza, mimi ni nani?

Juzi akainunua tamthilia ile ile kwenye flashi, safari hii ikiwa na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili. Mwishoni mke akasema: "Rudi ulikotoka."

Flavia alidhani mtafsiri katia chumvi, ndiyo kawaida yao. Lakini shaka ikishaingia, usingizi hutoka. Asubuhi akawa dukani.

"Dada Bhumika, yule mke alisema nini hasa?"

Bhumika akakunja kitambaa kilichokuwa kimekwisha kukunjwa. "Nisamehe, Mama Recheli. Gerson alisikia kanda inavyoisha kabla hamjaitazama, akaja kunililia niugeuze mwisho. Nikamwonea huruma."

Flavia alirudi nyumbani hasira zimempanda. Gerson alikuwa anakula. Tangu arudi amekuwa mume mwema, hilo hakuna wa kulibishia, na ndilo lililomuuma mkewe zaidi.

"Ulimwomba Bhumika anidanganye?"

Tonge likasimama njiani. "Niliogopa ungefuata mfano wa yule mwanamke wa kwenye televisheni."

"Basi aliyekusamehe ni Bhumika, Baba Recheli. Mimi hata sijaombwa." Akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Haya, niombe leo."