Bale Iliyotua Upande wa Gracien

Miaka yote aliyofundisha tenisi katika chuo kidogo kilichoko juu ya mtaa wa Cimpunda, mjini Bukavu, Gracien aligombana na watu kwa jambo moja tu: bale, yaani mpira, imetua wapi. Chuo hakikuwa na refa, kwa hiyo kila mchezaji aliita upande wake. Bale ikitua kwako, wewe ndiye unayesema: bonne kama imeingia, faute kama imetoka, na mwenzako ananyamaza hata kama ameona vingine. Kwa Gracien, aliyedanganya hapo hakufaa hata kufunga kamba za viatu uwanjani. Alimfukuza Élie, mchezaji wake hodari kuliko wote na mtoto wa dada yake, kwa faute moja ya uongo. Dada alinuna. Yeye akasema anune tu, akichoka ataacha.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa kuungaunga: vumbi la matofali yaliyopondwa, na katikati wavu mkuukuu uliowahi kutumika kuvulia sambaza, vidagaa vya ziwani. Mistari ya chokaa ndiyo iliyokuwa fahari ya Gracien. Aliichora mwenyewe kila asubuhi, akivuta kamba kutoka kona hadi kona.

Vita vya pili vya Kongo vilipoingia Bukavu, mwaka 1998, chuo kilifungwa. Gracien aliendelea kuchora. Ubishi tu, usitafute sababu nyingine. Katika wanafunzi wake wote alibaki Delphine peke yake, msichana mwembamba wa mwaka wa pili, mbishi kama mwalimu wake.

Asubuhi moja askari waliokuwa mlimani waliona mistari ile meupe, wakashuka. Honoré, mlinzi wa geti, alichelewa kupata ufunguo katika fungu lake la funguo. Walimpiga risasi kupitia mabati, wakalisukuma geti pamoja na mwili wake.

"Nani alichora hii?" kamanda aliuliza. "Munaonyesha ndege pahali ya kutupa bombe?"

"Hapana, chef. Ni terrain, kiwanja ya tennis," Gracien alijibu.

"Tennis! Mu wakati ya vita?"

Kitako cha bunduki kilimpata Gracien mdomoni. Alianguka, akatema meno juu ya chokaa yake. Walimpiga mateke ya mbavu mpaka Delphine, aliyekuwa kando na raketi yake, akapiga kelele kwamba ni kweli, ni mchezo, wao wanacheza hapa kila siku.

Kamanda alicheka. "Basi mucheze, tuone. Point moja. Mwenye kushinda atarudi kwao. Mwenye kushindwa, ni yeye alichora, na atalipa."

Hukumu ya namna hiyo! Na mtu aliyeitoa alikuwa na akili zake timamu, tena alijivutia kiti cha Honoré akakaa.

Wakacheza. Gracien alimrudishia Delphine kila bale polepole, pale pale mkono wake ulipozoea, huku damu ikimtiririka kifuani. Aliogopa, na alimchukia yule mtu wa kwenye kiti. Delphine naye alirudisha polepole. Kamanda alichoka na upole huo, akafyatua risasi hewani. Delphine akashtuka, akapiga ovyo.

Bale ilipita juu ya wavu, ikatua upande wa Gracien, kiganja kizima nje ya mstari. Vumbi jekundu liliruka. Chokaa haikuguswa.

"Imeingia ao haikuingia?" kamanda aliuliza.

Gracien aliitazama alama ile. Hakuna aliyeijua maana yake pale isipokuwa yeye na Delphine.

"Bonne," alisema. "Mutoto ameshinda."

"Coach, ile bale..."

"Nyamaza! Upande yangu, ni mimi mwenye kuita."

Walimlaza chini, wakauweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe lililoshikilia wavu, wakaupiga kwa vitako mpaka vidole havikujulikana tena. Hawakumuua. Kamanda alisema abaki hai, aone nani atamchorea. Delphine alivua kitenge chake akaufunga mkono ule, akilia kwa hasira, naye Gracien akimfokea aende kwao kama alivyoambiwa.

Chuo kilipofunguliwa tena, Delphine ndiye aliyechora mistari. Gracien alisimama akimkosoa, mkono ukiwa umekauka ndani ya koti. Halafu akateremka Cimpunda hadi kwa dada yake. Élie ndiye aliyefungua mlango.

"Rudia ku terrain," Gracien alimwambia.

"Tonton," Élie alimwambia mjomba wake, "siku ile nilidanganya kweli."

"Najua. Na mimi nilidanganya. Beba raketi yako, twende."