Myrtle Rankin na Pasipoti Asiyoitaka

Wiki tatu tu. Hizo ndizo Myrtle Rankin alizoishi upande wa pili wa mpaka, na alikuwa kichanga. Alizaliwa Castlefin, Donegal, katika Jamhuri ya Ireland, mwaka 1951. Baba yake, naye mtu wa hukohuko, akapata kazi ya shamba Castlederg, Ireland Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, mwendo wa maili chache, akahamisha mke na mtoto. Castlederg ndiko Myrtle alikosoma, akaolewa na Mervyn, polisi, akamzaa Trevor, na akamzika mumewe. Kama Waprotestanti wengi wa huko alijihesabu Mwingereza, na picha ya Malkia ilining'inia sebuleni kwake. Kura hakukosa hata mara moja. Safari zake zote zilikuwa za feri kwenda Scotland kwa dada wa Mervyn, na huko hakuhitaji pasipoti.

Februari 2017 mkamwana wake, Jodie, akapiga simu kutoka Perth, Australia. Trevor alikuwa na saratani ya kongosho.

"Mama, ukiweza kuja, njoo. Usisubiri joto lipungue."

Juma hilohilo Myrtle akapeleka maombi ya pasipoti ya Uingereza. Wiki ya saba karatasi zikarudi: hakuonekana kuwa raia wa Uingereza. Akapiga simu.

"Mama, wewe na baba yako nyote mmezaliwa Jamhuri," mwanamke wa ofisini akamwambia kwa upole. "Itabidi uombe uraia kwanza. Kuna ada, na kuna mtihani."

"Mtihani wa nini?"

"Wa kuonyesha unaijua nchi."

"Mwanangu, mume wangu amevaa sare ya nchi hiyo miaka ishirini na sita!"

"Naelewa, mama. Pole sana." Alimaanisha, na hakuwa na la kumsaidia. Maombi hayo peke yake yangechukua miezi sita.

Ndugu yake Noel, aliyezaliwa miaka minne baadaye hapohapo Castlederg na hivyo raia bila maswali, alikuja jioni akagonga meza. "Usikubali, dada! Mwandikie mbunge."

"Nimemwandikia. Kajibu kwamba analifuatilia."

"Basi subiri. Ukichukua pasipoti ya kwao, ya Ireland, Mervyn atageuka kaburini."

"Na Trevor je, Noel? Yeye atasubiri?"

Noel akavaa kofia, akaondoka bila kumaliza chai.

Asubuhi Myrtle akaenda posta. Dirishani alikuwa Dympna Gormley, Mkatoliki, jirani wa miaka thelathini. Akamwomba ile fomu nyingine kwa sauti ndogo, kama anayeomba dawa ya ugonjwa wa aibu.

"Ya Ireland? Wewe?" Dympna akacheka. "Yaani wewe Muairishi kunishinda mimi! Mimi nimezaliwa Omagh, upande huu wa mpaka, naruhusiwa kuchagua: hii, ile, au zote mbili. Wewe ndiyo hiyo tu, shoga yangu."

Kisha akauona uso wa Myrtle, akaacha mzaha. Akafunga dirisha lake, akazunguka nje, akakaa naye kwenye benchi, akamjazia fomu mstari kwa mstari. Walipofika penye uraia, Dympna akamwangalia.

"Andika," Myrtle akasema. "Andika wanavyotaka."

Pasipoti ikafika baada ya wiki tano, nyekundu iliyoiva, ina kinubi cha dhahabu, nembo ya Ireland. Wiki hizo tano Jodie alikuwa akimwekea Trevor simu sikioni. Mwanzoni alijibu maneno mawili matatu. Mwishoni ilisikika pumzi tu.

Myrtle alifika Perth Jumatano. Trevor alikuwa hai, lakini dawa za maumivu zilikuwa zimemlevya. Alifumbua macho mara moja, akamtazama kama mtu anayepishana naye dukani. Mama akamshika mkono siku nne, akimsimulia habari za mbwa, za Noel, za mvua. Jumapili akafa.

Akarudi kupitia Dublin, mji mkuu wa Jamhuri. Afisa wa uhamiaji akaigusa pasipoti, akatabasamu: "Karibu nyumbani, mama."

Myrtle alifungua kinywa amweleze kwamba nyumbani si hapa. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yake, naye amechoka, na hata hilo hakuwa tena na uhakika nalo. Akashukuru. Akavuta begi kwenda kutafuta basi la kaskazini.