Mwano wa Mama Luhaga

Mama yangu mdogo, Evalina Sayi, ni mtu wa kushindana. Wauza mbegu wanamjua, paroko anamjua, na mimi niliyelelewa kwake kijijini Nkololo baada ya mama kufariki namjua kupita wote. Akishika jambo haliachii. Kwa hiyo aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu cha vocha hapa mjini Somanda, amevaa kitenge cha kanisani siku ya kazi, nilijua kuna mtu atapata tabu.

"Funga duka, Gloria," alisema. "Twende kwa mbunge."

Mwanawe wa pekee, Luhaga, ni askari. Kikosi chake kilipelekwa Kongo kulinda amani, na simu yake haipatikani tangu tunapalilia pamba. Sasa tunavuna. Ukipiga, yule dada wa kwenye simu anakujibu kwa adabu yake ya kuudhi. Vijiweni watu wanaonyeshana picha za mapigano ya huko, na mama mdogo amezitazama zote, anamtafuta mwanawe kwenye kila uso. Usiku hapati usingizi. Mwili umemwisha mpaka sketi anaifunga kwa kamba.

Alichokitaka kwa mbunge kilikuwa wazi kichwani mwake. Kwetu, kamanda wa sungusungu ana amri juu ya vijana: ng'ombe wakiibwa anawatuma papo hapo. Lakini nyayo zikivuka mpaka wa kijiji, lazima arudi kwenye dagashida, mkutano wetu wa kijiji, watu wanyooshe mikono. Kuna mwaka nyayo zilivuka kuelekea Meatu, na kamanda, mzee Nyanda, akataka vijana waendelee. Mama mdogo alisimama akauliza watakaouawa huko nani atawabeba kuwarudisha. Mkutano ukakataa. Luhaga alikuwa mmoja wa vijana hao, na alinuna siku nyingi kwa kuaibishwa mbele ya wenzake. Alinuna akiwa hai.

Ndiyo maana mama mdogo aliamini kwamba huko Dodoma nako kuna siku mikono ilinyooshwa ili Luhaga avuke mpaka, na kwamba aliyenyoosha mkono anaweza kuushusha.

Mbunge alitupokea vizuri, siwezi kumsingizia. Alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mayu, yaani mama, akaagiza soda. Mama mdogo hakuigusa.

"Mheshimiwa, siku mliyonyoosha mikono mwanangu aende, wewe uliona nini huko?"

"Mayu, hatukunyoosha mikono. Jambo lenyewe halikuletwa kwetu."

Akaeleza taratibu. Katiba inasema Rais akitangaza vita, Spika anaitisha Bunge ndani ya siku kumi na nne, na wabunge wanaamua kumuunga mkono au la. Lakini hapa hakuna vita iliyotangazwa. Ni ulinzi wa amani, tumekwenda na nchi nyingine, na kupeleka kikosi namna hiyo ni uamuzi wa Amiri Jeshi Mkuu. Yeye kama mbunge anaweza tu kuuliza swali bungeni, akajibiwa.

"Kwa hiyo si vita," mama mdogo alisema.

"Kisheria si vita, mayu."

"Na risasi zinajua hilo?"

Mbunge alitusindikiza mpaka mlangoni. Nilimkasirikia yule baba, kisha nikamhurumia, halafu nikakasirika tena, maana huruma yangu haikumsaidia mtu. Nilimrudisha mama mdogo Nkololo, nikalala kwake. Niliogopa kumwacha peke yake.

Kesho yake mchana, katikati ya shamba la pamba, alipiga mwano.

Mwano ni yowe la hatari. Ukilisikia unaacha ulichoshika unakimbia. Asiyekuja anatozwa faini, na anayelipiga bila sababu anatengwa: hapewi moto wala maji, na akifiwa hapati wa kumsaidia kuzika. Wanaume walitokea kila upande na marungu, filimbi zikilia, na wanawake nyuma yao.

"Mwizi yuko wapi, mayu?" Nyanda aliuliza akihema.

"Wamemchukua Luhaga. Wamemvusha mpaka na hawakumuuliza mtu."

Watu walitazamana. Mwandu, kijana wa jirani, akasema kwa sauti ya chini kwamba huu ni mwano wa bure na sheria inajulikana.

Nyanda alishusha rungu lake. "Wanaosema Evalina ametuita bure, wanyooshe mikono."

Hakunyoosha mtu, hata Mwandu mwenyewe.

Mzee akauliza tena. "Wanaosema Luhaga arudi?"

Shamba zima lilinyoosha mikono. Wanawake walinyoosha wakiwa bado na mifuko ya pamba begani, na Mwandu alinyoosha yote miwili. Uso wa mama mdogo ulikunjuka kwa mara ya kwanza tangu palizi, na hicho ndicho kilichoniumiza kuliko kilio chake chochote. Akanigeukia mimi, mtu wa mjini, mwenye simu kubwa.

"Gloria, umeona. Sasa uamuzi huu tunaupeleka wapi?"

Watu wote walikuwa wananitazama, mikono bado iko juu, na sikuwa na pa kuwatuma.