Pilau la Wiki ya Giza

Siku ile haitanitoka kichwani, mwanangu, hata nikizeeka nikabaki bila jino. Ndiyo, nimekuita mwanangu. Mimi niko kidato cha tano na wewe umeingia cha kwanza juzi tu, sketi inafagia sakafu, lakini kwa niliyoyaona siku ile nilizeeka papo hapo. Kwa hiyo kaa chini unisikilize, na ukitaka kunijibu anza na shikamoo.

Simu ilipigwa kwetu Ujiji kwamba Bibi yuko hoi kule Mwamgongo. Mama akalia, mimi nikalia, tukapanda boti pale Kibirizi na kanga za msiba tayari mkobani, maana mama yangu ni mtu wa kujiandaa. Tunashuka ufukweni, nani anakuja kutupokea? Bibi mwenyewe, mwiko mkononi, anafoka kwamba tumechelewa kumenya vitunguu. Mama alikaa chini mchangani. Mimi nilimshika Bibi mkono, nione kama una joto.

"Mgonjwa nani?" Bibi akashangaa. "Ramadhani kaniambia mnakuja harusini."

Ramadhani ni baba yangu mdogo, na simu ile ya uongo alipiga yeye, tuje kupika bila kuuliza maswali. Harusi ya nani sasa? Nikaingia ndani. Zaituni, binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu kama mimi wakati ule, amekaa kwenye mkeka, hina hadi kwenye viwiko, macho yamevimba kama aliyeumwa na nyuki. Mimi ambaye sijawahi kukosa utani hata msibani, nilikaa nikaanza kumpepea hina ikauke. Bwana harusi alikuwa tajiri wa mitumbwi, rika la baba yake. Alikuwa amevua usiku kucha, na sasa anakoroma barazani, kanzu mwilini, kofia imemfunika pua.

Hapa inabidi nikufafanulie, maana wewe mtoto wa mjini dagaa unawaona wakishafika kwenye sahani. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, wanaume wako nyumbani, na ndipo harusi za kule hufungwa. Ofisi ya maendeleo ya jamii inalijua hilo. Wiki za mbalamwezi maofisa wake hupita vijijini wakiuliza binti gani hajaonekana darasani. Baba mdogo akajiona mjanja kuliko serikali nzima: harusi akaiweka wiki ya giza, saa nne asubuhi, wanaume wamelala fofofo na wanawake wako ufukweni wanaanika dagaa. Nani ataona?

Pilau lilikuwa limeshapaliwa makaa juu boti moja iliposimama. Akashuka mama mfupi, amevaa jaketi la kujiokolea linalomfika magotini, uso umempauka kwa kutapika njia nzima. Nyuma yake askari wa kike, viatu mkononi.

"Hodi hapa. Shikamoo bibi. Naomba maji ya kusukutua."

Mwanangu, nilipigwa na butwaa. Mtu wa serikali anaomba maji ya kusukutua! Akasukutua, akajitambulisha kuwa ni afisa maendeleo ya jamii kutoka halmashauri, akauliza habari za dagaa. Baba mdogo akatoka mbio.

"Karibu mama. Sijui ni nani amekuita?"

"Hakuna aliyeniita. Juzi nilikuwa Kibirizi nikakuona unapakia mchele, mbuzi na mkeka mpya kwenye boti ya huku. Baba yangu alivua dagaa mpaka mgongo ukapinda. Nikajiuliza, mvuvi gani anachinja mbuzi wiki ya giza? Shughuli ya nini hii, kaka yangu?"

Baba mdogo akajibu, "Hi... hitima."

"Poleni sana. Ya nani?"

Ulimi wangu ukaniponyoka. "Ya Bibi. Anaumwa mno."

Bibi akatokea jikoni. "Hitima yangu mimi, Ramadhani? Na mwenyewe nimesimama hapa nakukorogea wali?"

Askari aligeuka kutazama ziwa, mabega yanatikisika. Na mimi ningecheka, ila niliuona uso wa Bibi. Sijawahi kumwona vile.

"Uliniambia mtoto shule imemshinda," akasema polepole. "Ukaniambia ameomba mwenyewe kuolewa. Na hilo pia la uongo?"



Sheria na pingu zilikuja kutajwa baadaye, na baba mdogo alitoka jasho la kujaza ndoo. Lakini mama yule hakuanza na hayo. Aliingia ndani, akakaa kwenye mkeka ubavuni mwa Zaituni, akamuuliza, "Wewe unataka nini, mama?"

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko kote. Nilikuwa kwenye nyumba ile tangu tushuke botini, nampenda Zaituni kama pacha wangu, na swali hilo halikunijia. Mama yangu hakuuliza. Bibi hakuuliza. Zaituni mwenyewe alitutazama kama aliyesemeshwa Kichina.

Kisha akasema, "Jumatatu tuna mtihani wa baiolojia. Sijasoma."

"Ego," Bibi akaitikia kwa Kiha chake, yaani ndiyo. "Beba madaftari." Akakaa mlangoni, mwiko mapajani, na hakuna mwanaume aliyethubutu kumruka. Kelele zikamwamsha bwana harusi, akauliza kama shehe ameshafika. Askari akamwambia akae, wana mazungumzo marefu.

Zaituni alifanya baiolojia na hina mikononi. Hakufaulu vizuri, nisikudanganye. Tangu hapo anaishi kwetu na ananipita hesabu, jambo linaloniudhi. Afisa yule alikuwa haachi kuja shuleni kumwangalia, hata nikamuuliza, "Mama, ofisini hakuna kazi?" Akanijibu, "Kazi yenyewe ndiyo hii."

Sasa sikia, mwanangu. Nilidhani ofisi ile ipo kwa ajili ya kugawa fulana Siku ya Wanawake. Kumbe ipo kwa ajili yako. Rafiki akiacha kuja darasani, usingoje akuage: mwambie mwalimu, na mwalimu akizubaa, nenda halmashauri ukapige hodi. Huhitaji kumjua mtu, huhitaji kusindikizwa. Na wewe mvulana unayesikiliza kwa wizi dirishani, haya yanakuhusu, una dada. Kabla hamjamlilia mtu wala kumtania, muulizeni anataka nini, kisha mnyamaze ajibu.

Mungu akulinde na wanaokupangia maisha chumba cha pili huku wakisema wanakupenda. Akupe sauti ya kusema unachotaka, na watu wa kuisikia. Na wale wa ofisi ile awape afya, na ziwa liwatulie kila wanapopita. Amina.